Jina Langu Kwenye Faili la Asia

Jumatatu, 4 Novemba

Gharib, fundi wetu wa kompyuta, ametugawia madaftari. Kila mtumishi aandike siku mfumo unapogoma, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Nimeandika ukurasa mmoja wa mambo hayo nikachoka. Daftari ni zuri, lina jalada gumu, na sioni sababu ya kulimaliza kwa "imeganda, nimeizima, nimeiwasha". Nitaandika yangu.

Basi: mvua imeanza kweli. Kituo chetu cha afya hapa Kasingirima kinavuja palepale kilipovuja mwaka jana. Mafaili ya karatasi yamepelekwa stoo, wagonjwa wote sasa wamo kwenye kompyuta, na mimi Honorata, mtunza kumbukumbu kwa miaka kumi na moja, nimejifunza kuandika kwa vidole vinne badala ya viwili. Kila mmoja amepewa jina la kuingilia na paswedi yake. Diana wa mapokezi anaona majina na siku za miadi tu. Mimi naona kila kitu, mpaka kliniki ya Alhamisi, ya wanaotumia dawa za VVU. Nilijisikia mkubwa, sitaficha.

Jumatano, 6 Novemba

Umeme hakuna. Tumeandika kwenye karatasi kama zamani. Raha.

Alhamisi, 7 Novemba

Foleni ilifika getini. Kila dakika tano Diana yuko mlangoni kwangu: "Dada Hono, nifungulie faili la huyu." Uji wangu unapoa mezani. Mara ya sita nikamwambia ingia mwenyewe kwa jina langu, paswedi ni Mwakeye, M kubwa, mwisho weka 2024. Alicheka mpaka akashika ukuta. Niliichagua kwa sababu ni salamu ya kwetu ya asubuhi, na siwezi kuisahau hata nikiwa na malaria kali.

Kuanzia saa nne sikuinuliwa tena kitini. Foleni iliisha saa saba na mzee mmoja akatuombea dua.

Jumanne, 12 Novemba

Diana ameanza kuniamkia kwa utani: "Mwakeye elfu mbili na ishirini na nne!" Leo Gharib alikuwa chini ya meza anafunga waya. Akatoka na vumbi kichwani.

"Dada Honorata, hiyo ndiyo paswedi yako?"

"Wewe si Muha, umejuaje?"

"Mimi wa Ujiji, dada, si wa Ulaya. Mji mzima unaamkiana hivyo. Umeficha siri kwenye neno ambalo kila mtu analisema mlangoni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mfumo haujui sura, unajua jina, na mtu akiingia kwa jina langu basi ni mimi nimeingia. Nikamjibu kwamba mimi sikulelewa kumnyima mwenzangu kitu kilichopo, na Diana si mwizi. Akasema hajasema Diana ni mwizi, anachoomba ni nibadilishe. Nikasema kesho.

Ana miaka ishirini na sita, na ananifundisha adabu ya kazi. Nilinuna mpaka jioni.

Jumatano, 13 Novemba

Sikubadilisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Asia kaniletea gauni langu. Ni fundi cherehani wa Ujiji, ananishonea tangu Elia wangu yuko tumboni. Kila Alhamisi yake ya kuchukua dawa anapitia dirishani kwangu, na watu wanadhani anafuata vipimo vya nguo. Mwaka wa saba huu. Anameza dawa kwa saa, afya yake nzuri kuliko yangu.

Anaolewa Desemba. Mchumba ni Saidi, anatengeneza injini za boti kule Kibirizi. Nikamuuliza kwa kumnong'oneza kama Saidi anajua.

"Bado, Mama Elia. Tumepanga kuja wote tarehe ishirini na nane kwa mshauri. Nataka alisikie kutoka mdomoni mwangu, halafu achague mwenyewe. Akikataa, amekataa mimi, hajakataa maneno ya watu."

"Unaogopa?"

"Sana. Lakini ni woga wangu, nauweza."

Haya sikupaswa kuyaandika hata humu. Daftari nitalifungia kabatini.

Jumatano, 20 Novemba

Ilagala, chanjo za watoto. Nimekwenda na Dk. Leodgar, mganga mfawidhi wetu, na wauguzi wawili. Gari lilizama kwenye tope tukalisukuma, Daktari naye akasukuma na viatu vyake vya ibada. Watoto mia na kumi na wanne. Saa sita kasoro tulikaa wote kibarazani tukala ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya mawese. Sijafurahi kazini hivi siku nyingi.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua kutwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Uchumba wa Asia umevunjika.

Bibi Kuruthumu, shangazi yake Saidi, alikwenda Jumamosi kwenye kibanda cha Asia akasema mbele ya wateja. Hakusema kwa mafumbo. Alisema dawa, alisema Alhamisi, alisema mwezi wa tatu 2018. Nimeambiwa Asia alikuwa na sindano mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kitambaa, akafunga mashine, akaondoka.

Mwezi wa tatu 2018. Hiyo tarehe ya kuanza dawa ameitoa wapi? Hata mimi nisingeikumbuka bila kufungua faili.

Jumanne, 26 Novemba

Asia amekuja kituoni saa tatu, na buibui lake limelowa. Alikaa kwa Dk. Leodgar nusu saa. Alipotoka alisimama dirishani kwangu, macho makavu.

"Mama Elia, nimemwambia Daktari siri yangu imetokea humu ndani. Na nimemwambia wewe akuondoe kwenye hesabu. Wewe najua si wewe."

Nikamwambia pole. Neno dogo kiasi hicho.

Mchana Diana alinifuata stoo, kwenye mafaili ya zamani. Alikuwa analia kabla hajafunga mlango. Bibi Kuruthumu ni jirani yake. Alimbembeleza wiki nzima, kwamba anataka tu kujua kama binti ana afya, Saidi ni mtoto wa marehemu kaka yake, hana mwingine.

"Nikaangalia kidogo tu, dada. Ile siku mlipokuwa Ilagala."

"Kwa jina la nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Kwa lako, kwa lipi tena? Langu halifungui."

Akaniomba nisiseme, ana watoto wawili na mama mgonjwa. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimpa kanga yangu ajifute uso.

Jumatano, 27 Novemba

Leo ndiyo siku nitakayoikumbuka, kwa hiyo niiandike ilivyokuwa.

Dk. Leodgar alituita ofisini kwake, mimi na Gharib. Gharib alikuja na karatasi. Alieleza kwamba mfumo unaandika wenyewe kila faili linapofunguliwa, jina la aliyelifungua na saa. Faili la Asia mwezi huu limefunguliwa mara mbili. Mara moja siku ya kliniki, sawa. Mara ya pili tarehe 20, saa tano na dakika arobaini na mbili. Aliyefungua: honorata.

Niliinama kuisoma mwenyewe. Lakini Daktari alitikisa kichwa hata kabla sijapumua.

"Tarehe 20 saa hiyo Honorata alikuwa Ilagala. Nilikuwa naye. Tulikula sahani moja."

"Najua, Daktari," Gharib akasema.

"Basi kompyuta yako inasema uongo. Na hapa nani anaweza kuifanya kompyuta iseme uongo?"

Mvua kwenye bati. Gharib hakuwa mwepesi kuelewa kwamba anayesemwa ni yeye. Alipoelewa alikunja karatasi mara mbili, taratibu.

"Haijasema uongo. Imesema jina. Niliomba mara mbili mfumo uonyeshe pia ni kompyuta ipi imetumika, mkasema tusubiri bajeti." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linanitesa. "Daktari, muulize dada Honorata kama kuna mtu mwingine anayejua paswedi yake."

Daktari akaangalia meza. "Honorata. Yupo?"

Nilikuwa na muda. Nataka niwe mkweli walau humu: haikuwa pupa, haikunitoka. Nilimfikiria Diana na watoto wake, nikajifikiria mimi, miaka kumi na moja, na barua ya onyo, na Asia akisikia. Nikayafikiria yote hayo mpaka mwisho.

Nikasema, "Hapana."

Gharib aliniangalia kidogo, kisha akaweka funguo za chumba cha mitambo mezani bila kuombwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Saa nne, kwa mshauri, viti viwili vitupu. Gharib amesimamishwa kazi.

Jumatatu, 2 Desemba

Mfumo mzito. Hakuna anayechukua nakala za akiba za kila jioni, hizo alikuwa anachukua Gharib. Mtu kachomeka fleshi ya nyimbo kwenye kompyuta ya maabara, ikajaa takataka. Wote wanasema, "Unaona, Gharib kaondoka ametuwekea virusi." Nami nilikuwa hapo na kikombe cha chai, nikanywa chai.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo ilikuwa siku ya Asia kuchukua dawa. Hakuja. Mpaka saa tisa nilikuwa nainua kichwa kila buibui lilipopita.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemwona Gharib sokoni Mwanga, ana meza ya kutengeneza simu chini ya mwavuli. Mwanamke mbele yangu alimvuta binti yake akamwambia usimpe huyo simu yako, anasoma mambo ya watu. Alisikia. Aliendelea kukaza skrubu. Nikapita upande wa pili, nyuma ya mabelo ya mitumba, mimi mwanamke mzima nikiinama kama naokota kitu.

Jumanne, 10 Desemba

Hakuna.

Alhamisi, 12 Desemba

Asia hajaja tena. Kwenye orodha jina lake limegeuka jekundu na pembeni mfumo umeandika MTORO. Hilo ndilo neno letu la kazi kwa anayeacha dawa. Nimelichapa mara elfu kwa watu wengine nikaenda kula. Mtoro! Amemtoroka nani? Tulimfukuza sisi, kisha tukamwandika hivyo kwa herufi kubwa.

Mhudumu wa jamii alikwenda kwake akakuta kibanda kimefungwa. Majirani wanasema yuko Ilagala kwa kaka yake.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimebadilisha paswedi. Mwezi mzima umepita na mtu kashaangamia, ndipo nabadilisha. Diana alipojaribu ikamgomea, akaja mlangoni.

"Dada, mpya ni ipi?"

"Siwezi kukupa."

"Haa! Umeanza uchoyo?"

Alisema kwa kicheko cha mazoea, kisha akakumbuka, uso ukamshuka. Akarudi mapokezi.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemwambia mume wangu. Elikana anafanya kazi bandarini, si mtu wa maneno. Alikuwa anapiga pasi shati lake. Nilimwambia toka paswedi mpaka ile "hapana". Nilitegemea atasema kuhusu Gharib, maana yeye na baba yake Gharib walifanya kazi pamoja, na nilikuwa nimeshajiandaa kujibu. Hakumtaja. Alisimamisha pasi.

"Na huyo dada, dawa anakunywa za wapi?"

"Sijui. Nadhani hanywi."

"Tangu lini?"

Nikahesabu. Zilizokuwa nyumbani kwake ziliisha tarehe tano.

"Siku kumi na moja," akasema. Akaendelea na shati. Sikuweza kukaa chumba kimoja naye, nikatoka uani nikasimama kwenye matope.

Jumanne, 17 Desemba

Nimesema.

Niliingia kwa Dk. Leodgar saa mbili, kabla hajavaa koti. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeanza kujitetea. Kwamba paswedi nilitoa mimi, kwa hiari, kwa ajili ya uji usipoe. Kwamba Diana aliingia kwa jina langu tukiwa Ilagala. Kwamba alikwenda kumwambia Bibi Kuruthumu. Kwamba nilijua tangu tarehe 26 na tarehe 27 nikadanganya mbele yake, na Gharib hana kosa hata moja.

Nilitegemea apige meza. Alikaa. Alikuwa anafungua na kufunga kofia ya kalamu.

"Ulipojibu hapana siku ile," akasema, "nilijua si kweli."

"Ulijua?"

"Paswedi yako nilikuwa naijua, Honorata. Diana alinipa mwanzoni mwa Novemba. Yangu niliisahau wiki ya kwanza, nikaona aibu kumwambia Gharib, mimi mganga mfawidhi. Ripoti zote za mwezi nimezitoa kwa jina lako." Akainua macho. "Nilikuuliza huku naomba useme hapana. Ungesema ndiyo, ningetakiwa kusema na mimi."

Yaani tulikuwa watu watatu mle ofisini, na wote watatu tulijua. Wawili tulikuwa na vyeo na mmoja alikuwa na karatasi ya kweli mkononi, na aliyeondoka ni yeye. Nimemheshimu Daktari miaka mingi. Leo nilimwona mtu wa kawaida anayeona aibu kusahau neno, na sikuweza hata kumkasirikia, maana tumefanana mno.

Ameandika barua tatu za onyo mbele yangu. Ya kwanza aliandika jina lake mwenyewe, ipelekwe kwa bodi. Diana amesimamishwa.

Jumatano, 18 Desemba

Ujiji, nyumbani kwa Gharib, mimi na Daktari. Mama yake alitukaribisha sebuleni akatuletea kahawa na kashata, akakaa mbele yetu asinywe. Daktari alisema yake, nikasema yangu. Mama yule alisikiliza hadi mwisho.

"Wiki tatu sijakwenda kwenye maulidi," akasema. "Nikiingia, wanabadilisha mazungumzo." Akaondoa vikombe kabla hatujamaliza.

Gharib atarudi, kwa masharti. Kila mtu jina lake, na akikamatwa anatumia la mwingine, amejifukuza. Mapokezi wapewe haki ya kufungua kile wanachokihitaji na si zaidi, ili wasilazimike kuomba. Mfumo uonyeshe kompyuta ipi. Kliniki ya Alhamisi ionwe na watu watatu: muuguzi Recho, mshauri Feliksi na Daktari.

"Na mimi?" nikauliza. Sijui nilikuwa natafuta nini.

"Wewe nitakutoa, dada."

Alisema kwa upole, bado ananiita dada. Niliitikia kwa kichwa. Inauma na inastahili.

Ijumaa, 20 Desemba

Ilagala. Nimekwenda peke yangu. Asia nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake anachambua chikichi za mawese, mikono myekundu hadi viwikoni. Amekonda. Hakuinuka.

"Umefuata gauni jingine?"

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema."

Nikasema. Alichambua wakati wote, nzuri huku, mbovu kule. Nilipofika kwenye paswedi mikono ikasimama. Nilipofika kwenye "hapana" akaanza tena, polepole.

"Nilikutetea kwa Daktari," akasema.

"Ndiyo."

"Nilisema si wewe."

"Ndiyo, Asia."

"Saidi angekataa, labda. Labda asingekataa. Mimi hilo sitalijua tena maishani. Aliambiwa na shangazi yake, nami nikatangazwa mbele ya wateja wangu. Ile tarehe ishirini na nane ilikuwa yangu, Mama Elia. Mmeila."

Sikuomba anisamehe, nilikuwa nimejikataza njiani. Nilimwambia tu kwamba dawa zipo, Recho amemwekea, na kama hataki kwetu anaweza kuandikiwa barua ya kuhamia kituo kingine bila kuulizwa swali.

"Kituo kingine hawana kompyuta?"

Aliniambia gari la mwisho linaondoka saa tisa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Nilivaa gauni alilonishonea, nikalivua kabla ya kwenda kanisani.

Alhamisi, 2 Januari

Bado jekundu, nadhani. Siwezi tena kuona. Nilimuuliza Recho, akasema, "Dada Hono, unajua siwezi kukujibu." Ni kweli. Nikarudi kitini.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua kubwa, ziwa na mbingu rangi moja. Saa nne na nusu Asia alisimama dirishani kwangu.

Yeye ndiye aliyeanza, bila salamu.

"Nani ataliona jina langu?"

Nikamtajia. Recho, Feliksi, Daktari. Akahesabu kwa vidole.

"Na yule kijana wa kompyuta?"

"Anaona kama mfumo unafanya kazi. Majina yamefungwa hata kwake."

"Na wewe?"

"Mimi nimetolewa."

Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea, mtoto analia.

"Mtu akiingia tena kwa jina la mwenzake?"

"Itaonekana. Jina, saa, na kompyuta aliyokaa."

"Itaonekana lini?"

Nilifungua mdomo kujibu, kisha nikaelewa alichouliza. "Baada," nikasema. "Itaonekana baada ya kufanyika."

"Baada," akasema. Alikung'uta maji kwenye buibui. Nilidhani anageuka kuondoka, na nisingekuwa na haki ya kumwita. Lakini alikuwa anamtazama Recho, aliyekuwa amefungua mlango wa kliniki na kusimama hapo akimsubiri.

"Nitachukua dawa," Asia akasema, "kwa sababu nataka kuishi. Si kwa sababu nawaamini." Kisha akaonyesha kiti changu kwa kidevu. "Huyo atakaponiuliza jina langu lote na tarehe, mlango wake hausitiri sauti. Ondoka hapo kwanza."

Nikainuka. Nilipita mbele ya foleni nzima nikatoka nje, nikasimama barazani mvua ikinirushia miguuni, mpaka Recho alipokuja kuniambia ameshamaliza na naweza kurudi.